Mdomo Alionipa Baba

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kile kikohozi chako kimepungua. Mimi mzima, ila mdomo unaniwasha kama nimetafuna pilipili mbichi.

Nilifika salama. Chuo ni jengo refu la matofali lenye ngazi zisizoisha, na lifti ipo, lakini ni ya kubebea piano na ngoma kubwa. Sisi wenye miguu tunapanda. Nalala chumba kimoja na msichana anayesomea fidla. Anafanya mazoezi kasimama juu ya kitanda kwa sababu sakafu ina baridi. Vyumba vya mazoezi viko chini kabisa na kuta zake zimebandikwa sponji. Siku ya kwanza nilipuliza kwa nguvu zangu zote, nikadhani saksofoni imepasuka mahali. Kumbe ukuta unameza.

Mwalimu wangu ni mwanamke wa umri wa Shangazi. Wanafunzi wanamwita Bibi Kimya. Anakusikiliza kafumba macho, ukimaliza anakaa tu bila neno mpaka jasho likutoke. Nilimpigia ule wimbo wako wa kufungulia dansi. Nilipomaliza akauliza:

“Nani alikufundisha?”

“Baba yangu.”

“Ana sauti kubwa?”

“Anasikika mtaa wa pili bila maikrofoni.”

“Naamini,” akasema. “Hebu fungua mdomo.”

Akanichungulia kama daktari wa meno, akanionyesha kwenye kioo: ndani ya mdomo wangu wa chini kuna kovu, alama za meno yangu mwenyewe. Akaniambia nisipige wimbo wowote mpaka aniruhusu. Nipulize kile kipande cha mdomoni tu, bila saksofoni yenyewe. Basi saksofoni inalala kwenye boksi lake, na mimi nashinda nalia kama bata aliyebanwa na mlango. Mwenzangu wa fidla anacheka mpaka anashuka kitandani.

Najua na wewe utacheka. Usimwambie Kijiti, atawatangazia bendi nzima.

Binti yako,
Filimbi


20 Machi

Mwanangu Filimbi,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimia sana na anauliza kama unalala na soksi. Kikohozi ni kilekile. Mtu anayepaka rangi nyumba za watu siku za kazi na kupuliza saksofoni siku za mapumziko, lazima mapafu yake yamnung'unikie.

Barua yako nimeisomea bendi nzima, samahani. Kijiti alicheka mpaka akaangusha vijiti vyake vya dramu. Mjomba wako akamwigiza bata kwa gitaa, ukumbi ukawa vurugu. Lakini walipoondoka nikaisoma tena peke yangu, na mara hiyo haikunichekesha.

Huyo mama anatafuta nini mdomoni mwako? Mdomo huo nimeuweka mimi. Ulikuwa hujafikia kimo cha meza nilipokukalisha juu ya spika mbovu nikakuambia: vuta mdomo wa chini ndani, uma, kaza, usiogope maumivu, sauti inatoka panapouma. Ukapuliza, mama yako akaangusha sufuria jikoni. Nilijua siku ileile kwamba nimepata mrithi. Ndivyo nilivyofundishwa mimi na aliyeianzisha bendi yetu, Mungu amrehemu. Zamani hizo hatukuwa na maikrofoni. Mwenye mdomo laini aliishia kubeba vyombo vya wenzake.

Nilikupeleka chuo ukajifunze kusoma noti na kuziandika, ili ukirudi ukae kwenye kiti changu, bendi iwe na mtu. Sikukupeleka wakakufundishe kupuliza. Sasa sikiliza. Mbele yake itikia “ndiyo, Mwalimu”. Ukiwa peke yako piga ulivyozoea. Mimi mwenyewe nilipokuwa namposa mama yako niliitikia “ndiyo, Mzee” kwa kila kitu, na umeona nilivyoishi baadaye.

Baba yako,
Bomba
(jina hili nimepewa na wacheza dansi, sikujipa)


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Mama anaendeleaje na mgongo? Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nilikuwa naumwa, na sikutaka Mama ajue kabla sijapona.

Nilifanya ulivyoniambia. Mbele ya Bibi Kimya nilipuliza anavyotaka yeye, mdomo umelegea, taya limeshuka. Akiondoka nilijifungia chumba cha mazoezi nikapiga kwa mdomo wetu, kwa hasira, saa nzima, saa mbili. Asubuhi moja niko mezani na kipande cha mkate, taya likagoma. Nimefungua kinywa na hakifungi. Mate yanatoka, siwezi kusema hata “nisaidie”. Mwenzangu wa fidla alidhani natania, akaanza kucheka, kisha akaona machozi, akatoka mbio kumwita msimamizi wa bweni.

Daktari alinibonyeza hapa chini ya sikio na roho nusura iniruke. Alisema kifundo cha taya kinalika. Akaniambia, “Ukiendelea kuuma hivyo, miaka michache ijayo utakuwa unawatazama wenzako wakipiga.” Bibi Kimya alikuja hospitali, akakaa kwenye stuli kama kawaida yake. Nilidhani atanigombeza kwa kumdanganya. Mwisho akasema, “Simlaumu baba yako. Alikupa alichokuwa nacho. Lakini kuanzia leo mdomo ni wako.”

Baba, nimeuacha. Nakuambia mimi mwenyewe usije ukasikia kwa mtu. Nimeanza upya kama mtoto, na sauti ninayotoa sasa ni nyembamba, inasikika kama birika kabla maji hayajachemka. Mwalimu amenikataza kupiga mbele za watu mpaka mwaka uishe, anasema nikiogopa watu nitarudi kuuma.

Kuna jambo jingine. Daktari aliniuliza kama nyumbani kuna mwenye taya kama langu, nikasema hakuna. Halafu nikakukumbuka. Unavyouchovya mkate kwenye chai mpaka unakuwa uji. Unavyotafunia upande mmoja. Kila Jumatatu, baada ya dansi ya Jumapili, unavyokaa umeshika shavu na Mama anasema ni jino. Baba, sidhani kama ni jino. Nakuomba uende hospitali.

Binti yako,
Filimbi


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Mama yako alilia, ikabidi nimsomee barua mara mbili ili aamini kwamba umeshapona.

Mimi ni mzima. Jino ni jino. Nimelijua hili taya kabla hujazaliwa, na sitapimwa kwa barua na mtoto niliyemfuta kamasi.

Sasa habari njema. Mwezi wa nane bendi inatimiza miaka thelathini. Tutapiga Jumapili alasiri, ukumbi uleule, na nimeshatangaza kwamba Filimbi atapiga. Mabango nimeyachora mwenyewe kwa rangi iliyobaki kazini, nyekundu ya kung'aa, herufi zako kubwa kuliko zangu. Yamebandikwa mpaka kwenye ukuta wa shule yako ya zamani. Watu wananisimamisha njiani: “Mzee Bomba, kumbe binti anakuja!” Nawajibu, “Njooni mapema, viti ni vichache.”

Usiniambie habari za mwalimu kukataza. Akataze wa kwake. Likizo ni likizo, na baba ni baba.

Baba yako,
Bomba


30 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Uliyoyafanya unayajua, ulikuwepo. Lakini ulikuwa umenipa mgongo, kwa hiyo nataka ujue yalivyokuwa upande wangu.

Nilikuja kwa sababu uliandika jina langu ukutani. Bibi Kimya nilimdanganya kwamba nakwenda kumuuguza Mama. Nyuma ya pazia nilikushika mkono nikakuambia, “Baba, sauti yangu bado ndogo. Niruhusu nipige kidogo tu, katikati ya wimbo, halafu upokee wewe.” Ukaniambia, “Watu wamelipa kiingilio wacheze. Ingia.”

Wimbo wa pili ukanipa nafasi. Nilipiga kwa mdomo mpya. Sikuuma. Nilijua ni sauti nyembamba, lakini ilikuwa yangu na ilikuwa inasimama wima. Niliona wachezaji wakipunguza miguu. Wengine wakaenda kukaa. Mama alikuwa mlangoni ananipungia mkono, niendelee. Ndipo nikahisi kitu kimeziba saksofoni yangu. Ni kiganja chako, umekiweka pale mbele kama mtu anayefunika sufuria.

Bendi ikaendelea chini chini. Ukachukua maikrofoni ya mwimbaji, ukasema, “Mnisamehe, jamani. Nilipeleka mwanamuziki chuo, wamenirudishia karani.”

Walicheka wote. Mjomba alicheka. Kijiti alipiga dramu lake, pa-pa, kama wanavyofanya wachekeshaji wakimaliza mzaha. Kisha ukanyanyua ya kwako ukapuliza, na watu wakarudi kati kucheza, na mimi nikabaki nimesimama mbele yao mikono imening'inia.

Wewe unadhani hakuna aliyeona kilichofuata. Ulipomaliza ile noti ya juu, kinywa hakikufunga. Uligeukia pazia ukalisukuma taya kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka likarudi. Niliona. Nilikuwa karibu kuliko wote na nilijua la kufanya, daktari alinifundisha. Sikuja, Baba. Nilikuacha ulisukume mwenyewe.

Sitapiga tena na bendi yako.

Binti yako


9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Mama yako hanisemeshi tangu uondoke. Anaweka chakula mezani, anageuka, anakwenda kula jikoni.

Nilichosema ukumbini kilikuwa mzaha. Wanamuziki hutaniana. Mimi nimewahi kuvuliwa viatu jukwaani na mwenzangu, watu wakacheka mpaka wakalala chini, na sikuandikia mtu barua.

Lakini la mzaha tuliache, nikuambie la kweli, maana hao wa chuoni hawatakuambia. Ulipiga bila kosa. Kila noti ilikuwa mahali pake, safi, imefutwa vumbi. Ilikuwa kama nyumba niliyomaliza kuipaka rangi kabla wenyewe hawajahamia. Mimi nilikufundisha kupiga kama mtu aliyeibiwa. Wao wamekutuliza, na aliyetulizwa hamfanyi mtu mwingine anyanyuke kwenye kiti.

Huwezi kuwa na midomo miwili. Ukiutaka wa kwao, baki nao, waite wao wazazi wako. Ukiutaka wa kwangu, kiti kipo. Usiniandikie mpaka uwe umechagua.

Baba yako,
Bomba


14 Mei

Baba,

Shikamoo. Ni mwaka wa pili sasa sijakuandikia. Habari zako nazipata kwa Mama akinipigia simu kutoka kwa jirani, ila nikimuuliza afya yako anasema “yupo”, na nikimuuliza zaidi anasema salio limekwisha. Natumaini u mzima kweli.

Uliniambia nisiandike mpaka nichague. Nilichagua siku ile ya hospitali, na unajua. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ikikaa muda mrefu mtu anaizoea kama fanicha.

Namaliza chuo. Mtihani wa mwisho ni onyesho mbele ya watu, Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao, saa kumi jioni. Nitapiga kipande nilichotunga mwenyewe. Sauti imerudi, Baba. Siyo ile ya kwako, lakini siyo birika tena. Nataka uisikie. Sikuiti uje ukiri kwamba ulikosea. Nakuita kwa sababu kila ninapofanya mazoezi bado nasikia mtu amesimama nyuma yangu, na nataka mara moja awe amekaa mbele.

Nimekutengea kiti safu ya kwanza, cha pembeni, uweze kunyoosha lile goti lako linalouma. Nimekibandika karatasi, nimeandika “Baba”. Mama anasema mgongo hauwezi safari, kwa hiyo ni wewe tu.

Si lazima ujibu. Njoo tu.

Binti yako,
Filimbi


1 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunaendelea. Mama yako anakupongeza kwa kufaulu, ameshawaambia majirani wote mpaka wanaotuchukia.

Nilikuja.

Nilivaa ile suti ya harusi yangu, imenibana mabegani lakini kwa mbali haionekani. Nilifika mapema kuliko watu wengi. Binti wa mlangoni akaniuliza, “Mzee, wewe ni mgeni wa nani?” Kabla sijajibu nikaona mbele kile kiti na karatasi yake. Na nikawaona walioanza kukaa jirani nacho: walimu, watu wa miwani, wanawake wenye mikufu, na yule Bibi Kimya nilimtambua kwa jinsi alivyokaa. Nikatazama mikono yangu. Rangi kwenye kucha haijatoka hata nilipoisugua kwa mafuta ya taa. Nikamwambia binti, “Mimi nimeingia kusikiliza tu.” Nikaenda kukaa nyuma kabisa, penye nguzo.

Haikuwa suti na kucha tu. Nikudanganye ili iweje? Nilisema moyoni, akipiga vibaya sitaki auone uso wangu ukifurahi.

Hukupiga vibaya. Ulipoanza, ile noti ndefu ya chini, nilidhani kuna mtu wa pili amefichwa anapiga nawe. Sikuona unapovuta pumzi. Nilikutazama mdomo muda wote, haukuuma popote, na sauti ilinifuata mpaka nyuma ya nguzo ikanishika kifua. Nililia. Baba mwema angelia kwa furaha. Mimi nililia kwa sababu nilikuwa nimekosea maisha yangu yote na nilikuwa nakaribia kufika mwisho bila kujua.

Nikasema, akimaliza nitakwenda mbele, nitakaa kwenye kile kiti hata kama watu wamesimama. Nilikuwa nimeshanyanyuka. Ndipo ukashika maikrofoni. Mwalimu wenu alikuwa ameomba kila mwanafunzi aseme neno la shukrani. Ukasema, “Kabla ya kuja hapa sikuwa na mwalimu. Kila nilicho nacho nimepewa ndani ya jengo hili.”

Wakapiga makofi. Bwana aliyekaa karibu nami akaniona nimesimama, akaniuliza, “Una wako hapa?”

Nikamwambia, “Hapana. Nilikuwa napita.”

Hilo ndilo nililolisema, na mguu ukanibeba nje. Basi la jioni nilikuta bado lipo.

Na taya, ulisema kweli. Liligoma mwezi wa kwanza mwaka huu, jukwaani, katikati ya wimbo, safari hii watu wote waliona. Daktari alibonyeza palepale ulipoandika. Nimeacha kupiga. Nilimkataza mama yako kukuambia, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kujua na sikutaka kukupa hilo.

Baba yako


5 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za chuo, na mpaka naandika hii sijaweza kupanda chumbani.

Pole kwa taya. Nina haki ya kusema nilikuambia, ila sina hamu nayo hata kidogo.

Nilikitazama kile kiti tangu nilipoingia jukwaani. Mtu mmoja alitaka kukikalia, nikamtikisia kichwa katikati ya makofi. Nilipiga wimbo mzima nikikiangalia kitupu. Maneno niliyokuwa nimeandaa yalikuwa mengine. Yalianza hivi: “Mwalimu wangu wa kwanza amekaa pale.” Nisingeweza kuyasema nikionyesha kiti kisicho na mtu. Ningesema mengine ya adabu, yapo mengi. Lakini nilishikwa na uchungu, nikachagua yale yatakayokuumiza siku moja yakikufikia. Sitakuambia yalinitoka tu. Niliyataka. Sikujua yamekufika kabla hata hayajaisha mdomoni.

Kwa nini hukukaa mbele? Kwa nini hukupaza sauti, wewe uliyekuwa unasikika mtaa wa pili? Ulikuwa umeshasimama, Baba! Ungekohoa tu. Kile kikohozi chako ningekijua kati ya watu elfu.

Naogopa kwamba tangu siku ile ya kiganja tumekuwa tukilipana, na kila mmoja anadhani zamu ni yake.

Nimepata kazi ya kufundisha hapahapa chuoni, nitaanza baada ya likizo. Kabla ya hapo nataka kuja nyumbani. Nitakuja na yale maneno niliyokuwa nimeandaa, nikusomee, Mama akiwepo. Niambie kama nije.

Binti yako,
Filimbi


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Uliniandikia Julai na sasa ni Septemba, najua. Mama yako amekuwa akiniwekea kalamu karibu na sahani kila siku ya Mungu. Yeye hajambo, mgongo umepata nafuu. Mimi nakula vya laini na kulala mapema. Hongera kwa kazi.

Yale maneno usije nayo. Si kwamba nakukomoa. Ni mazuri, nimeyasoma yanavyoanza na yamenitosha. Lakini hayo uliniandikia mimi peke yangu, na yale mengine yalisikiwa na ukumbi mzima, kama vile mimi nilivyokufanya uchekwe na ukumbi mzima halafu nikakuandikia barua. Mtu haendi nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliosikia. Yabaki yalivyo.

Bendi imepata mpuliza mwingine, kijana mwenye maikrofoni yake. Kijiti alinipeleka nikamsikilize, nikakaa wimbo mmoja. Sijarudi. Saksofoni yangu nimewapa waitumie, hapa ndani ilikuwa inanitazama.

Uliuliza kama uje. Njoo. Mama yako ameshafua shuka zako, ingawa hakuna aliyezilalia. Ila tusizungumzie muziki, mimi na wewe, hata kidogo, hata redio ikiwa inapiga.

Nimekaa siku nyingi nikifikiri basi tutazungumzia nini. Nimerudi nyuma mpaka ulipokuwa mdogo, nikitafuta jambo moja tulilowahi kuongea ambalo halikuwa hilo. Sijapata.

Njoo hivyohivyo.

Baba yako